Mlinzi Hakulala

Zablon, daktari amenichorea kifua changu
mgongoni mwa bahasha ya eksirei,
kwa kalamu inayokatikakatika wino,
nami nikakuona wewe, getini.

Nianze na moshi, maana ndio alioulizia kwanza.
Sigara? Sijatia hata moja mdomoni.
Nikamwambia: Obunga, miaka thelathini na minane,
karai, vumbi la mbao, migongo ya mbuta
iliyobaki baada ya minofu kwenda ng'ambo,
nikiikaanga macho nusu yamefumbwa
na pumzi ikipita palepale moshi ulipopita.
Akaandika. Akauliza umri.
Sabini na sita, nikasema, kwa hesabu ya kanisa.
Hapo akaiweka kalamu chini.

Jina lake Jebiwott, mdogo kuliko kitinda mimba wetu.
Anasema nyuma ya mfupa wa kifua
kulikuwa na tezi, chuo cha walinzi.
Kila mlinzi alifundishwa somo moja gumu:
huyu ni wetu, huyu si wetu.
Chuo kilianza kufungwa tangu sijaolewa,
darasa moja, kisha jingine,
na sasa ni shahamu tupu,
kama kile kiwanda chenu cha pamba:
paa lipo, kengele haipo.
Makuruta hawaji.
Waliobaki ni wakongwe. Wanaikumbuka surua ya utotoni,
wanaikumbuka malaria ya mwaka Nyando ilipoingia jikoni,
ila sura mpya haiwakai kichwani.

Wala hawajanyamaza. Hilo ndilo lililonishangaza.
Mwili mzee hukesha ukipiga filimbi,
mwizi yupo, mwizi hayupo,
na kelele zenyewe hugeuka moto mdogo usiozimika.
Uvimbe ukaja kuuota moto huo,
ukauota, ukauota, mpaka ukaota.
Saratani. Pafu la kulia.

Basi walilala? nikamuuliza.
Akatikisa kichwa. Hapana, mama.
Mwizi alitoka humohumo ndani, kavaa sare yenu.
Alifika getini akanyoosha mkono, akasalimia,
nao wakaupokea.

Nilikaa kimya mpaka akadhani sijaelewa.

Marobota saba ya nyuzi, Zablon.
Uliapa kwa kaburi la mamako
kwamba mtu yule alikuwa na sare, na kofia,
na jina lako mdomoni.
Meneja akacheka, akakufuta kazi.
Mimi sikucheka. Nilifanya vibaya zaidi:
nilikuita Baba Usingizi mbele ya watoto,
hadi wajukuu wakalirithi jina,
hadi mmoja akalitaja siku ya mazishi
na watu wakatabasamu, nami pia.

Dawa hii haimuui mwizi, anasema.
Inamziba mdomo asiweze kusalimia.
Kazi inayobaki ni ya wale wazee.
Kama watamtambua, kama miguu bado wanayo,
kama hawatageuza marungu kwenye ini, kwenye utumbo, kwenye ngozi,
hawezi kuniahidi.
Vitabu vyake, amekiri,
viliandikwa kwa kupima watu wa umri wa wanangu;
wa rika langu walihesabiwa wachache.
Nilimpenda kwa kulisema hilo.

Kesho ni chupa ya tatu.
Ayieko atanipeleka kabla jua halijapanda Kajulu.
Kikohozi kimepungua, au nimekizoea, sijui.
Ile tochi yako ya bati nimeitia betri mpya.
Nesi wa mara iliyopita alicheka:
ya nini, mama, wodini mna taa?
Nikamwambia ni ya mtu wa zamu.